Kabla ya kura ya kujitenga, nani anaandika daftari la wapiga kura?

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi baadae.

Kila ikija habari ya eneo fulani linataka kujitenga mabishano yanapita njia ile ile. Upande mmoja unasema watu wana haki ya kujiamulia mambo yao, imeandikwa kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa ibara ya kwanza kabisa. Upande wa pili unasema mipaka ya nchi haiguswi, nayo imeandikwa mle mle. Na wote wanasema kweli. Alafu anatokea wa tatu anasema si wapige kura tu yaishe. Mimi nataka tukae hapo hapo kwenye "wapige kura tu". Nani anapiga? Maana kabla watu hawajaulizwa wanataka nini, kuna mtu ashaamua watu wenyewe ni kina nani, na mara nyingi huyo ashaamua na matokeo.

Tuanze na Komoro. Desemba 1974 Wafaransa waliitisha kura ya uhuru kwenye visiwa vinne. Ukijumlisha kura zote visiwa vyote, zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo, tunataka uhuru. Ila ukitazama kisiwa kimoja kimoja, Mayotte karibu theluthi mbili walikataa. Sasa hesabu ipi ni halali? Sheria iliyoitisha ile kura haikuandika "jamii ya Komoro", iliandika "jamii za Komoro", kwa wingi, na Paris ikaja kusimama juu ya huo wingi ikasema kila kisiwa kina sauti yake. Tarehe 6 Julai 1975 Moroni, mji mkuu wa Komoro, wakajitangazia uhuru wa visiwa vinne, wakabaki navyo vitatu. Mwaka uliofuata Mayotte ikapiga kura yake peke yake, karibu wote wakasema tunabaki na Ufaransa, na 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Umoja wa Mataifa umelaani mara nyingi na hakuna kilichobadilika. Toka 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda Mayotte, kisiwa ambacho shangazi yake anaishi, na watu wanapanda zile boti ndogo za kwasa kutokea Anjouan, kisiwa kimojawapo cha Komoro, usiku, kilomita kama 70 tu, na wanazama. Mi hii habari siwezi kuiongelea kwa utulivu, ndugu wa damu wanakufa majini kwasababu kura zao zilihesabiwa kwenye mafungu tofauti.

Sahara Magharibi ndo mfano mkubwa kuliko yote. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake Oktoba 1975, kwamba mahusiano ya zamani kati ya makabila ya pale na sultani wa Morocco hayatoshi kuondoa haki ya watu wa pale kujiamulia. Wiki chache baadae Morocco ikapeleka raia 350,000 kwa miguu kuvuka mpaka, Hispania ikaondoka, vita ikaanza na Polisario, wapigania uhuru wa pale. Vita ikasimama 1991 kwa makubaliano kwamba Umoja wa Mataifa (UM) italeta kura ya maoni, na wakaunda kabisa ujumbe wenye neno kura ya maoni kwenye jina lake, MINURSO. Mpaka leo haijapigwa. Ilikwama kwenye daftari! Polisario walisema tutumie sensa ya Wahispania ya 1974, ile iliyohesabu watu kama 74,000. Morocco ikasema hapana, kuna makabila ya Sahara yalikuwa upande wetu muda huo, nayo ni wenyeji, na ikaleta maombi ya watu kwa makumi elfu. Wakakaa miaka na tume, wazee wa koo wanaletwa mmoja mmoja kuthibitisha fulani ni mtoto wa fulani. Ilipofika 2000 majina yaliyopita yalikuwa zaidi ya 86,000 na rufaa zaidi ya 130,000. Rufaa nyingi kuliko wapiga kura! Zoezi likafa hapo. Mtoto aliyezaliwa kwenye kambi za wakimbizi wa Sahara kule Tindouf, Algeria, mwaka ule wa kusimamisha vita sasa hivi ni mtu mzima ana watoto wake na yuko kambini bado.

Ya tatu Kameruni alafu niwaachie. Eneo lililokuwa chini ya Uingereza lilipiga kura Februari 1961, na machaguo yalikuwa mawili tu, ujiunge na Nigeria au ujiunge na Kameruni. Kusimama mwenyewe halikuwepo kwenye karatasi. Kaskazini wakaenda Nigeria, kusini wakaenda Kameruni kwa ahadi ya shirikisho. Sasa sikilizeni, tarehe 20 Mei 1972 ile shirikisho ikafutwa kwa kura ya maoni, na waliopiga ni Wakameruni WOTE, wa Kifaransa ambao ndo wengi na wa Kiingereza ambao ndo wachache. Yani mkataba wa pande mbili ukavunjwa kwa kuhesabu pande zote kama kundi moja. Mnaoshangaa kwanini 2016 mawakili na walimu wa kule waliingia mtaani na 2017 watu wakatangaza nchi yao ya Ambazonia, mi naona hasira ilizaliwa 1972 na 1961.

Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri ila mi naona unawapa visingizio watawala. Serikali ikitaka kuua kura itasema tu "daftari bado". Watu wakiwa wanachinjwa utawaambia subirini tuhakiki majina? Timor Mashariki waliteswa miaka 24 na Indonesia, Kosovo nao 1999 walifukuzwa kwa malaki na Serbia. Pale hakuna haja ya sensa, mtu anayeuawa na serikali yake ashapewa jibu.

#3 Mleta uzi

Mkuu nakubaliana na wewe kwa sehemu, na Timor ni mfano mzuri sana kwa hoja yangu mwenyewe. Angalia walivyofanya. Makubaliano ya Mei 1999 yaliandika wazi nani anapiga: aliyezaliwa Timor Mashariki, au ambaye mzazi wake mmoja amezaliwa pale, au mwenza wa mtu wa namna hiyo. Basi. Indonesia ilikuwa imehamishia watu wake kule kwa miaka mingi, na mtu aliyeletwa tu na mradi wa kuhamisha watu, hana mzazi wa pale wala hajaoa pale, hakuingia. Na Mtimori aliyekimbilia Ureno au Australia aliingia. UM wakaandikisha watu zaidi ya laki nne kwa wiki chache, milimani, barabara mbovu, wanamgambo wanatishia. 30 Agosti 1999 wakajitokeza karibu wote, asilimia 98 na kitu, na asilimia 78.5 wakakataa kubaki ndani ya Indonesia. Kwaiyo ukiona miaka inaenda hawamalizi kuandika majina, ujue kuna mtu hataki yaishe.

Kilichofuata mnakijua, wanamgambo walichoma mji wa Dili na watu wengi mno wakakimbia makwao. Maana yake daftari zuri halizuii risasi, hilo nalisema wazi. Ila hakuna aliyeweza kusimama baadae akasema hii kura sio ya Watimori.

Kosovo ni tofauti kidogo, pale haikuwa kura, bunge lilitangaza uhuru Februari 2008 na 2010 Mahakama ya Kimataifa ikasema tangazo lenyewe halikuvunja sheria ya kimataifa. Wengi wanasoma hapo wanadhani mahakama ilisema Kosovo ni nchi. Haikusema hivyo, ilijibu swali iliyoulizwa tu. Na ndani ya Kosovo kuna Waserbia wa kaskazini, Mitrovica kule, ambao nao wanasema kama Waalbania, ambao ndo wengi Kosovo, walikuwa na haki ya kuitoka Serbia kwanini sisi tusiitoke Kosovo. Umewajibu nini?

#4 Mchangiaji

Hiyo ya Mitrovica ndo ilikuwa Biafra, ile Kanda ya Mashariki ya Nigeria iliyojitenga 1967. Watu wanaongelea Biafra kama Waigbo peke yao dhidi ya Nigeria. Ile Kanda ya Mashariki ilikuwa na Waijaw, Waefik, Waibibio, Waogoni, na mafuta mengi yalikuwa kwao. Gowon, mkuu wa serikali ya kijeshi ya Nigeria, alijua hilo, ndo maana tarehe 27 Mei 1967 akaigawa Nigeria majimbo 12, hao wachache wakapewa majimbo yao, na Ojukwu, gavana wa ile kanda, akatangaza Biafra siku tatu baadae. Isaac Boro, Mwijaw, alishatangaza jamhuri yake ya Delta mwaka mmoja kabla, Februari 1966, ikazimwa ndani ya siku 12, na vita ilipokuja akapigania upande wa serikali kuu mpaka akafa. Mnaona? Yeye alitaka kujitenga, ila sio na hao waliokuwa wanajitenga.

Nyerere aliitambua Biafra Aprili 1968, na hoja yake ilikuwa kwamba umoja haulazimishwi kwa bunduki, watu wakishahisi hawako salama ndani ya nchi basi nchi imeshindwa kazi yake. Hoja nzito. Ila Mwijaw naye hajioni salama ndani ya Biafra, tunafanyaje?

#5 Mchangiaji

Ndo maana OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi zile, pale Cairo 1964 walisema mipaka tuliyoirithi siku ya uhuru ibaki. Mngeanza kugawa kwa makabila mngemaliza lini? Mi bado naona wale wazee walikuwa sahihi kabisa. Na waliofanikiwa Afrika wote walitumia mipaka ya mkoloni hiyo hiyo, Eritrea ni koloni la Muitaliano, Somaliland ni ya Muingereza. Kwaiyo Somaliland wana haki, walikuwa nchi tarehe 26 Juni 1960 kabla ya kuungana na Mogadishu tarehe 1 Julai. Siku tano lakini nchi.

#6 Mleta uzi

Hapo #4 umegusa penyewe. Na #5, mipaka ya mkoloni inasaidia kwasababu inamaliza ubishi wa ramani, nakubali. Eritrea walipiga kura Aprili 1993, asilimia 99.8 ndiyo, Addis yenyewe ikiwa imeridhia, na bado miaka mitano baadae wakaenda kuuana kwa maelfu kisa Badme, kijiji. Ramani yenyewe ilikuwa haijamalizwa kuchorwa.

Somaliland nawaheshimu sana. Wamejenga utulivu, wamefanya chaguzi rais akashindwa akaondoka, wamekaa zaidi ya miaka 30 hakuna mwanachama hata mmoja wa UM anayewatambua mpaka Israel ilipofanya hivyo Desemba 2025. Kwa nchi nyingi zinazotambulika hiyo rekodi ni ndoto. Lakini nenda Sool, mkoa wa mashariki kule, nenda mji wake wa Las Anod. Wadhulbahante, ukoo wa kule, wengi wao hawakuwahi kujiona ndani ya mradi wa Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, walikuwa ndani ya mstari wa Muingereza kwasababu Muingereza alichora mstari, ndo hivyo tu. 2023 mji ukapigwa mizinga miezi, watu kwa malaki wakakimbia, na mwisho majeshi ya Somaliland yakafukuzwa kwenye kambi zake jirani na mji. Sasa ile hoja ambayo Hargeisa inawaambia Mogadishu, kwamba hamuwezi kutulazimisha kukaa, Las Anod wanaiambia Hargeisa. Neno kwa neno.

Mi siamini hii inaondoa haki ya Somaliland. Naamini inawaambia wakae na watu wa Sool kwanza wazungumze kama wazee wao walivyokaa Burao na Borama wakayamaliza ya kwao.

#7 Mchangiaji

Kina kaka mmeongelea Afrika na Ulaya ya mabomu tu. Kanada je? Jimbo la Quebec 1995 walikosa uhuru kwa kura kidogo mno, hapana 50.58 na ndiyo 49.42. Pale hakukuwa na vita wala daftari bovu.

#8 Mleta uzi

Dada asante kwa kuleta hii, maana hata pale kwenye amani swali lilikuja. Wacree, wenyeji wa kaskazini mwa Quebec kabla ya Mfaransa wala Muingereza hajafika, walipiga kura yao wenyewe siku chache kabla ya ile kubwa. Zaidi ya asilimia 96 wakasema kama Quebec inaondoka sisi na ardhi yetu hatuondoki nayo. Na ardhi yenyewe ndo kwenye mabwawa makubwa ya umeme, sio kipande cha kupuuzia. Viongozi wa Quebec walikuwa wanasema Kanada inagawanyika ila Quebec haigawanyiki. Kwanini? Mpaka leo sijasikia jibu linaloniingia akilini.

Kilichonifurahisha ni mahakama yao kuu, 1998 ilisema jimbo halina haki ya kuondoka lenyewe tu kwa kutangaza, ila kama wengi wa wazi wakijibu ndiyo kwa swali la wazi, basi Kanada yote inawajibika kukaa mezani kujadili, na mezani hapo maslahi ya wachache na wenyeji lazima yawepo. Sijaona mahakama nyingine iliyosema jambo la maana kiasi hicho kuhusu haya mambo. Haikufunga mlango na haikuuvunja.

Scotland 2014 ni rahisi zaidi. Waliamua anapiga anayeishi pale, hata Mpoland mwenye makazi, hata kijana wa miaka 16, na Mskoti anayeishi London hapigi. Ikapigwa, asilimia 55 wakabaki, yakaisha bila tone la damu. Ila kumbuka London ilikubali kabla. Catalonia 2017 Madrid haikukubali, waliokuwa wanapinga wengi wakakaa nyumbani, asilimia 90 ndiyo ikapatikana kwa mahudhurio ya kama asilimia 43, na polisi wakapiga wazee kwenye vituo. Pande zote mbili ziliharibu pale, ila aliyepiga bibi wa watu kwa rungu kisa kashika karatasi ndo aliyeharibu zaidi.

#9 Mchangiaji

Mkuu umesahau New Caledonia, ile ya 2024.

#10 Mleta uzi

Sijasahau, nilikuwa naiwekea nafasi maana ile ni uzi huu wote kwenye kisiwa kimoja, cha Ufaransa kule Pasifiki.

Wakanaki ndo wenyeji, ni kama asilimia 41 ya watu wote, maana Ufaransa ilileta watu wake kwa karne na nusu, kwanza wafungwa, alafu wachimba nikeli. Baada ya damu ya miaka ya 80, mkataba wa Nouméa (ndo mji mkuu wa kule) 1998 ukagandisha daftari, waliohamia baada ya hapo hawapigi kura ya majimbo, na ya uhuru ilikuwa na masharti makali zaidi. Wakapiga 2018, hapana asilimia 56.7. Wakapiga 2020, hapana 53.3. Unaona inavyoshuka. Ya tatu Desemba 2021, Wakanaki walikuwa wanazika watu wa korona, mila yao ya msiba ni ndefu, wakaomba isogezwe, Paris ikakataa, wakagoma, hapana ikapata asilimia 96.5 na zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakutokea. Paris ikasema basi suala limeisha. Mei 2024 ikapeleka bungeni sheria ya kulifungua lile daftari la majimbo kwa aliyekaa miaka 10. Nouméa ikawaka moto, watu zaidi ya 10 wakafa, hali ya hatari ikatangazwa.

Sasa mtu wa mbali anauliza, watu wanakufa kisa daftari la uchaguzi wa majimbo? Ndiyo. Maana Mkanaki anajua hesabu. Akishakuwa robo ya wapiga kura hakuna tena haja ya kumkatalia uhuru, utamuuliza kwa heshima zote kila mwaka na kila mwaka jibu litakuwa hapana.

Ila na upande wa pili kuna mtu kazaliwa Nouméa, ana miaka 25, hajui kwengine, anafanya kazi analipa kodi na hana kura kwenye jimbo lake. Huyu naye ni mtu. Siwezi kumfuta kwa kalamu.

#11 Mchangiaji

Sasa mkuu wewe msimamo wako ni upi, maana umetupitisha dunia nzima. Nani aandikwe?

#12 Mleta uzi

Haki yako kuuliza. Msimamo wangu ni huu. Aliyefukuzwa aandikwe, popote alipo, na watoto wake. Sudan Kusini 2011 walifanya hivyo, walipiga waliokuwa Khartoum na waliokuwa uhamishoni nchi kadhaa, na Bougainville 2019 hivyo hivyo, Mbougainville anayeishi kwengine Papua New Guinea alipata nafasi. Aliyezaliwa pale aandikwe hata kama babu yake aliletwa na meli ya serikali, mtoto hachagui. Aliyeletwa na serikali baada ya ugomvi kuanza ili kubadilisha hesabu, huyo asiandikwe kwenye kura hiyo, ila haki yake ya kukaa na mali yake ilindwe kwa maandishi kabla ya kura na sio baada. Na yale maeneo yenye watu wengi wasiotaka, yani Wacree, Mitrovica, Sool, yawe na sauti yao mezani kwa jina lao, wasimezwe kwenye jumla.

Na haya yakubaliwe bunduki zikiwa zimenyamaza na kabla mtu hajajua atashinda au atashindwa. Wakurdi wa Iraq walipiga Septemba 2017 asilimia 92 ndiyo, wakaiweka na Kirkuk ndani, wakati katiba ya 2005 ilikuwa imesema Kirkuk ifanyiwe sensa na kura yake kabla ya mwisho wa 2007 na hakuna aliyefanya. Saddam alikuwa amefukuza Wakurdi pale akaweka Waarabu, Wakurdi wakarudi baada ya 2003, Waturkimeni wanasema mji ni wao. Hakuna aliyekubaliana nani ni mtu wa Kirkuk. Mwezi mmoja baada ya kura jeshi la Baghdad likaingia mjini, wakapoteza mji na visima vya mafuta ndani ya siku chache.

Crimea, ile Urusi iliyoitwaa toka Ukraine 2014, siiweki humu. Kura iliyoandaliwa kwa wiki chache huku askari wasio na alama wameshika bunge sio kura, daftari uwe nalo usiwe nalo.

#13 Mchangiaji

Na Bougainville wamefikia wapi?

#14 Mleta uzi

Karibu asilimia 98 walichagua uhuru, baada ya vita ya miaka kumi iliyoanzia kwenye mgodi wa shaba wa Panguna. Daftari safi, waangalizi wapo, hakuna aliyepinga hesabu. Ila makubaliano yalisema kura sio ya mwisho, bunge la Port Moresby lazima liridhie, na hapo ndo wamekaa toka 2019 wanajadiliana. Wao wenyewe wameshasema Septemba 2027 ndo siku yao.

Nimalizie na Abyei, eneo la mpakani kati ya Sudan na Sudan Kusini, maana hakuna aliyeitaja. Ilitakiwa ipige kura yake siku ile ile Sudan Kusini inapiga, Januari 2011, ichague iende kusini au ibaki kaskazini. Haikupiga. Mkataba ulisema watapiga Wadinka Ngok "na Wasudan wengine wakazi wa eneo hilo", na hawakukubaliana kama Wamisseriya, wafugaji wanaoshuka na ng'ombe wao kila kiangazi wakikaa miezi kisha wanarudi, ni wakazi au sio wakazi. Neno moja, mkazi. Mei mwaka huo jeshi la Khartoum likaingia mji ukachomwa, watu zaidi ya laki wakakimbia. Oktoba 2013 Wangok wakachoka kusubiri, wakajiandikisha wenyewe, wengine wakatoka Juba kwa basi kurudi kupiga kura, karibu asilimia 100 wakasema tunaenda kusini. Hakuna aliyeitambua, hata Juba yenyewe haikuitambua. Kila mwaka Baraza la Usalama linaongeza muda wa walinda amani, na kila kiangazi ng'ombe wanashuka.